Mkono Uliokakamaa Baada ya Kiharusi Hautaki Sindano Pekee

Kiharusi kikishapita, mkono hulegea kwanza. Majuma au miezi baadaye, ubongo uliojeruhiwa ukishindwa kuituliza misuli, kiwiko hujikunja na ngumi hufumba hadi kucha zikachoma kiganja. Kwa msusi wa viondo wa Mutomo au Kibwezi, huko ni kupoteza riziki. Ndiyo maana familia huulizia dawa kabla ya kitu kingine. Dawa zipo, ila kila moja ina mpaka wake. Vidonge vya baklofeni hulegeza misuli ya mwili mzima, na huweza kuleta usingizi na udhaifu. Sindano ya botulinamu hulenga msuli uliokaza tu, na nguvu yake hudumu takriban miezi mitatu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 333, ulionyesha kuwa sindano hiyo ikiambatana na mazoezi ilirahisisha kuosha kiganja na kuvaa nguo. Hata hivyo, baada ya mwezi mmoja haikuupa mkono uwezo mkubwa zaidi wa kushika na kuinua vitu kuliko mazoezi peke yake. Sindano hufungua mlango. Anayeingia ni mgonjwa mwenyewe, kwa mazoezi.

Kuna atakayesema kwamba hata kunyoosha mkono hakusaidii sana. Ana hoja: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yaliona kuwa kunyoosha viungo pekee hakuongezi mwendo wake kwa kiwango cha maana. Lakini hoja hiyo inatusukuma kwenye mazoezi ya kazi halisi, si kukaa bure: kushika kikombe, kukunja leso, kupukuchua mahindi, mara nyingi kila siku. Mwingine atasema hospitali za rufaa za Kitui na Wote ziko mbali. Ni kweli, na ndiyo sababu mtaalamu wa mazoezi ya viungo amfundishe anayemuuguza mgonjwa nyumbani: mkono mgonjwa uingie kwanza katika shati, na usivutwe kamwe wakati wa kumwinua. Kaunti ya Makueni, iliyoanzisha mwaka 2016 mpango wa kaya kulipia matibabu shilingi 500 kwa mwaka, ilithibitisha kuwa kaunti ya wakulima inaweza kuwafikia watu wake. Basi mgonjwa wa kiharusi asiruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya kurudi kwa mtaalamu huyo.