MUHUGU NA NDUGU ZAKE
Jinsi ya kuitambua miti ya jamaa ya alizeti

Huko Changamwe, bara ya Mombasa, kipo chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963. Apitaye karibu husikia tezo zikilia, na akisogea hupata harufu njema mfano wa sandali, itokayo katika vibanzi vya mti mgumu wa rangi ya kahawia. Mti huo ni muhugu, ambao wengine huuandika muhuhu. Twiga, swala na vifaru wengi walionunuliwa na wageni wa Pwani kwa miaka mingi walichongwa katika mti huu. Kazi yenyewe ilienezwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Ni watu wachache wajuao kwamba muhugu ni ndugu wa alizeti. Tena ni wachache zaidi wawezao kuutenga na miti mingine ya jamaa hiyo kabla haujaangushwa. Upungufu huu wa maarifa umewapa watu hasara, na umeipa misitu hasara kubwa zaidi.

ALAMA YA JAMAA

Kile kiitwacho ua la alizeti si ua moja. Ni maua madogo mamia kwa mamia, yaliyokaa pamoja juu ya kitako kimoja, na kila moja la yale ya katikati hutoa mbegu yake. Hiyo ndiyo alama ya jamaa nzima, nayo ina aina zaidi ya 23,000 duniani. Nyingi ni mimea midogo, kama vile mchunga uliwao kwa ugali Pwani, na saladi ipandwayo bustanini. Iliyo vichaka ni michache kuliko hiyo, na iliyo miti ya mbao ni michache zaidi. Muhugu ni mmoja wa hiyo michache.

Mtu asitazamie kuona ua kubwa la manjano juu ya muhugu. Maua yake ni madogo, meupe yasiyong'aa, yamekusanyika penye makwapa ya majani. Lakini akichuma kitita kimoja na kukipasua kwa ukucha, ataona kwamba kila kijiua kwa kweli ni maua kadhaa yaliyofungwa pamoja, sawasawa na alizeti.

Hata wataalamu walitatizwa na mti huu. Jina lake la kitaalamu ni Brachylaena huillensis, kwa sababu ya Huíla, jimbo la Angola. Muhugu wa Kenya ulidhaniwa kwanza kuwa aina nyingine, ukaitwa Brachylaena hutchinsii, kwa heshima ya Hutchins aliyekuwa mkuu wa idara ya misitu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Baadaye sampuli zililinganishwa, ikaonekana kwamba ni mti ule ule mmoja, uliotawanyika toka Kenya hadi Angola na Afrika ya Kusini.

MUHUGU NA MLELESHWA

Ndugu wa karibu sana wa muhugu katika Kenya ni mleleshwa, jina lililotoka kwa Wamaasai. Kwa kitaalamu huitwa Tarchonanthus camphoratus. Karani asafiriye kwenda Naivasha au Narok huuona kando ya njia, kichaka cha rangi ya majivu kilichofunika mabonde na vilima. Miti yote miwili ni migumu, yote miwili hunukia, na yote miwili ina majani meupe upande wa chini. Nguzo ikisha kukatwa na kumenywa maganda, asiye fundi aweza kudanganywa. Basi yafaa kuitofautisha ingali imesimama.

Kwanza, tazama upande wa juu wa jani. Jani la muhugu lililokomaa ni la kijani juu na jeupe chini, na ncha yake ina kijimwiba kidogo. Jani la mleleshwa ni la kijivu hata juu, na chini mishipa yake imeinuka kama wavu.

Pili, lifikiche jani vidoleni. La mleleshwa hutoa harufu kali ya kafuri, na ndiyo maana ya jina lake la pili. Harufu ya muhugu imo zaidi katika mbao.

Tatu, ngoja matunda. Hii ndiyo alama isiyokosea. Mbegu ya mleleshwa imefunikwa na sufi nyeupe, hata kichaka kizima huonekana kama kimemwagiwa pamba. Mbegu ya muhugu haina sufi hiyo. Ina nywele ngumu fupi kichwani, kama brashi ndogo.

Mkulima asitegemee jani peke yake. Majani ya miche ya muhugu, na ya machipukizi yatokayo penye kisiki, yana meno pembeni, wakati majani ya mti mzima hayana. Mtu aliyezoea jani la mti mzima aweza kung'oa miche shambani akidhani ni gugu.

MTUKUTU SI MUHUGU

Ndugu wa tatu ni mtukutu, Vernonia amygdalina, ambao siku hizi wataalamu wengi huuita Gymnanthemum amygdalinum. Huu ni kichaka au mti mdogo, majani yake ni laini, ya kijani pande zote mbili, na machungu mno. Maua yake ni meupe, madogo, yamepangika juu ya matawi kama mwavuli. Hauna mbao za kuchonga. Sifa yake ni dawa.

Sifa hiyo haikuishia kwa wanadamu. Mwezi wa Novemba 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtaalamu Michael Huffman na mganga wa Kitongwe Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja vitawi vya mtukutu. Aliyatupa majani na maganda, akatafuna kiini na kumeza maji yake machungu. Siku ya pili yake alionekana amepata nafuu. Watongwe nao hutumia mmea huo huo kwa maradhi ya tumbo. Ni wazi kwamba aokotaye kichaka kingine cha jamaa hii kwa kukisia tu hujihatarisha, kwa maana si kila kichungu ni dawa.

DUME NA JIKE

Kuna tofauti moja kubwa ambayo mkata miti hana budi kuijua. Katika ua la mtukutu, kila kijiua kina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Muhugu sivyo. Miti yake ni kama mipapai: upo wa kiume na upo wa kike. Wa kiume hutoa unga wa maua tu. Wa kike ndio uzaao mbegu. Gome, majani na mbao zao ni sawa, na hapana ajuaye upi ni upi mpaka yachanue maua.

Sasa fikiri yatokeayo watu waingiapo msituni na kuchagua mashina manene yaliyonyoka, bila kuuliza. Wakiimaliza ya kike, hapatakuwa na mbegu. Wakiimaliza ya kiume, maua ya kike yatakosa unga. Kwa vyo vyote msitu utaonekana una mihugu, lakini hautazaa. Zaidi ya hayo, mbegu nyingi za muhugu huwa tupu au zimeliwa na wadudu, kwa hiyo kati ya nyingi zipandwazo huota chache. Tena mti wenyewe hukua polepole mno. Mbao zake ni nzito, mita moja ya ujazo ikiwa kavu hufika kilo 900 hivi, na uzito kama huo hauji kwa haraka. Apandaye muhugu humpandia mjukuu wake.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini ya Kisauni kwa njia ya Malindi, una sehemu ambayo muhugu ni miongoni mwa miti yake mikuu. Ndimo akaamo bundi mdogo wa Sokoke, aliyeelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Magogo ya mihugu yalitolewa kwa wingi huko na katika misitu mingine ya Pwani kwa ajili ya nguzo, sakafu na vinyago, hata mashina makubwa yakaadimika.

LIFAALO KUTENDWA

Wachongaji wengi wamekwisha kugeukia mwarobaini na mwembe. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, haumo katika jamaa ya alizeti, na huota upesi katika mashamba ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Mkulima mwenye miarobaini mizee aweza kuiuza kwa wachongaji, akapanda mingine, na mwanawe akaivuna. Mnunuzi naye asidharau kinyago cha mwarobaini, maana fundi ni yule yule na tezo ni ile ile.

Na mwenye muhugu shambani mwake asiukate mpaka ameuona ukichanua. Akiuona una mbegu zenye brashi, autie alama ya chokaa shinani na kuuacha, na auache pia mmoja wa kiume karibu yake. Mbegu azichume zikomaapo, kabla hazijapeperushwa na upepo, azipande mara moja kitaluni, tena nyingi, kwa kuwa zitakazoota ni chache. Miche ikianza kutoa majani yenye meno, awaonye watoto na vibarua wasiipalilie kama magugu. Penye shaka, achukue kitawi chenye maua na matunda, akilaze katikati ya gazeti, na kukipeleka kwa ofisa wa misitu. Jani tupu halitamsaidia ofisa huyo; ua na tunda ndivyo vitakavyomwambia jina la mti.