Kwa nini mwandishi achelewe kujibu mtandaoni

Mwandishi anayeishi Kisauni au Likoni, Mombasa, hawezi kuambiwa aizime simu akaandike. Wasomaji wake wamo humo. Kitabu hutangazwa Facebook, oda huingia kwa WhatsApp, pesa hutumwa kwa M-Pesa, na nakala ikapakiwa kwenye bodaboda hadi Mlaleo au ikavushwa feri kwenda Mtongwe. Anayeshauri "achana na mitandao" huenda hajawahi kujaribu kuuza diwani ya mashairi. La kuulizwa ni kitu gani hasa humo ndani kinachoichosha akili.

Tuanze na ubongo. Mwaka 1997 Wolfram Schultz na wenzake wawili walieleza katika jarida la Science mambo waliyoyaona kwa kima waliokuwa wakipewa matone ya sharubati. Seli zinazotoa dopamini zilichangamka pale sharubati ilipokuja bila kutarajiwa. Mnyama alipokwisha kujua kuwa ishara fulani hufuatwa na sharubati, seli zilichangamkia ishara, na sharubati yenyewe haikuzishtua tena. Ishara ikitoka na sharubati isije, shughuli ya seli hizo ilishuka. Kwa hivyo dopamini hufuata tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, si utamu peke yake.

Miaka 40 kabla ya hapo, B. F. Skinner na Charles Ferster walikuwa wameonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Njiwa aliyepata punje baada ya kudonoa mara zisizotabirika alidonoa kwa kasi na hakupumzika sana. Mashine za kamari zilizojazana madukani mitaani kwetu hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na alama ya kupenda, ambayo Facebook iliianzisha mwaka 2009, haiko mbali nayo. Shairi la leo linapata alama 200, la kesho linapata 4, na huenda la kesho ndilo bora. Kwa kuwa hakuna ajuaye, mkono unarudi kwenye simu.

Muuza mitumba wa Kongowea naye huposti bidhaa zake. Kimya cha wateja kwake ni habari ya biashara: bei iko juu, au bidhaa haikupendeza. Mwandishi hukisoma kimya hichohicho kama hukumu juu yake mwenyewe, maana alichokianika ni mawazo yake. Hapo ndipo hatari yake inapozidi ya wengine.

Kisha kuna maoni. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walikusanya tafiti nyingi za saikolojia na kuonyesha kuwa baya huelekea kuugusa moyo kwa nguvu zaidi kuliko jema. Watu 30 wakimsifu mshairi wa Timbwani na mmoja akamwambia Kiswahili chake ni cha bara, ni huyo mmoja atakayelala naye. Halafu asubuhi anataka kutunga. Utafiti wa Sophie Leroy wa mwaka 2009 unaeleza kwa nini hawezi: mtu akihama kazi moja kwenda nyingine, hasa ile ya kwanza ikiwa haijamalizika, sehemu ya fikra zake hubaki nyuma. Na ugomvi wa mtandaoni haumaliziki. Vina na mizani havitungwi na nusu ya akili.

Matusi si mapya Pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu, na hawakubembelezana. Lakini baina yao palikuwa na bahari. Jibu halikuweza kufika siku hiyohiyo, na la kurudishwa lilihitaji kutungwa. Huo muda ndio simu ilioufuta, na kwa maoni yangu ndio wa kurudishwa kwanza, kabla ya kuhesabu saa za matumizi.

Kwa vitendo, andika nje ya programu utakayopostia, data ikiwa imezimwa. Ukishaposti, ondoka. Zima arifa za kila alama na kila maoni, uache simu za kawaida na ujumbe wa wanunuzi tu. Kujibu kuwe na saa yake, mchana, na jibu la mtu aliyekukera lingoje kesho. Wengi hujibu wakiwa kwenye foleni ya feri, Likoni, jua likiwaka na watu wakisukumana. Sijui mahali pabaya zaidi pa kuamua maneno. Mtusi asiyezungumzia kazi yako mzuie bila kumuaga.

Kupunguza pia kuna ushahidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Melissa Hunt wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake waliwashirikisha wanafunzi 143. Kundi moja lilitumia Facebook, Instagram na Snapchat dakika 10 kila moja kwa siku, kwa wiki 3. Upweke na dalili za sonona zilipungua kuliko kwa wale walioendelea kama kawaida. Hao ni wanafunzi wa Marekani, si watunzi wa Mishomoroni, lakini zingatia kuwa hawakuambiwa waache kabisa.

Usiku ni suala jingine. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na hasira ya kujibizana hukesha hata baada ya kioo kuzimwa. Simu ilale chumba kingine.

Huzuni, kukosa usingizi, au kutopendezwa tena na chochote kukidumu wiki 2, hapo tatizo limepita mtandao. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina huduma za afya ya akili, japo jina lake hutumiwa mitaani kuwatania watu, na utani huo umewafanya wengine wachelewe kwenda. Anayeona haya kuonekana mlangoni anaweza kuanza kwa simu: Msalaba Mwekundu wa Kenya hutoa ushauri bila malipo kwa nambari 1199.