Jokofu Nyumbani: Tupime Umeme Kabla ya Kununua



Tunapotembelea jumuiya ndogondogo za Kikristo, tumekuta zaidi ya mara moja jokofu lililogeuzwa kabati la vyombo. Si bovu. Limezimwa kwa kuwa uniti za LUKU zilikuwa zikiisha kabla ya wiki kwisha. Fedha iliyolinunua ilitokana na kahawa ya msimu mzima, na pengine ada ya mtoto ilisubirishwa kwa ajili yake.

Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 50, Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha kwamba chakula kinachotupwa ni kama kimeibwa mezani pa maskini. Katika namba 211 akasifu matendo madogo ya kila siku, hata kuzima taa isiyohitajika. Jokofu limesimama kati ya mafundisho hayo mawili: linaokoa chakula, nalo linakula umeme.

Basi tuanze kwa kujiuliza tunataka kuhifadhi nini. Kwa familia ya Mbuji na milima yote ya Umatengo, ambako usiku ni wa baridi, mboga na matunda vyaweza kutunzwa kwa vyungu viwili: kimoja ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kibichi juu. Maji yakikauka huondoka na joto. Njia hii hufaa wakati wa kiangazi. Masika, hewa ikiwa na unyevu, nguvu yake hupungua. Nyama, maziwa na samaki wabichi visiwekwe humo. Huko ziwani, Mbamba Bay na Liuli, dagaa wa kukaushwa hawahitaji jokofu, lakini auzaye samaki wabichi anahitaji friza. Achague la kufunguliwa kwa juu, maana hewa baridi ni nzito na haimwagiki kifuniko kinapoinuliwa.

Anayenunua jokofu asome lebo ya matumizi ya umeme. Lebo nyingi hutaja uniti kwa mwaka. Zigawanywe kwa 12. Jokofu la uniti 240 litatumia takriban 20 kwa mwezi. Lililochakaa, likitumia uniti 2 kwa siku, litafikia 60. Mteja wa matumizi madogo, kundi la D1, hupata bei nafuu kwa uniti 75 tu kwa mwezi. Taa, redio na pasi vitagawana 15 zilizobaki, na zikizidi atalipa bei ya juu.

Hata sisi nyumba ya mapadre tulivutiwa na la mtumba kwa urahisi wa bei, tukaja kutambua kosa letu kwenye mita. Kipimo chake ni rahisi: usiku zima vyote isipokuwa jokofu, andika uniti zilizosalia, kisha soma tena asubuhi. Funga pia karatasi mlangoni. Ikivutika bila kushikwa, mpira umelegea na baridi inavuja.

Jokofu likae mbali na jiko na jua, liachane na ukuta kidogo, na chakula kipoe kwanza kabla ya kuingizwa. Nyuzi joto 4 zatosha, na friza 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, usifungue mlango: jokofu hustahimili saa 4 hivi, na friza lililojaa hadi saa 48.