Bariti: jiwe linalouzwa kwa uzito wake

Mnunuzi wa bariti ananunua uzito. Jiwe hili, ambalo ndilo chanzo kikuu cha elementi ya bariamu, ni zito mara nne na nusu kuliko maji ya ujazo uleule, ilhali mawe mengi tunayoyakanyaga kila siku hayafiki hata mara tatu. Ukiokota kipande cha kujaa kiganja, mkono unashtuka. Sifa hiyo moja ndiyo inayowalisha wachimbaji kuanzia Mangampet, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, hadi Nevada kule Marekani.

Wateja wakubwa ni wachorongaji wa visima vya mafuta na gesi. Nchini Marekani zaidi ya asilimia 90 ya bariti inayouzwa huishia kwao. Kisima kinapozidi kwenda chini hukutana na gesi na vimiminika vilivyobanwa kwa nguvu kubwa, na kinachovizuia visifumuke hadi juu ni matope mazito yanayozungushwa ndani ya kisima. Unga wa bariti ndio unaoyapa matope hayo uzito. Hauyeyuki kwenye maji, na kwa kuwa jiwe lenyewe ni laini, hauli pampu na mabomba haraka. Fundi wa matope huchota kikombe kimoja, hukifunika kwa kifuniko chenye tundu dogo, husubiri matope kidogo yatokeze tunduni, hufuta nje, kisha husogeza kipimo kwenye mkono wa mizani mpaka kipovu cha pimamaji kitulie katikati. Uzito ukiwa umepungua, bariti huongezwa. Usalama wa watu wote walio kwenye mtambo unategemea kazi hiyo ya dakika chache.

Pamoja na umuhimu huo, bariti ni ya bei rahisi. Tani moja iliyosagwa huuzwa kwa dola mia na kitu, pengine mia mbili na zaidi kidogo, kwa hiyo nauli inaweza kumeza faida yote. Ndiyo maana India, China na Morocco, zenye migodi mikubwa na bandari za kusafirishia, zimelishika soko. Marekani na Umoja wa Ulaya zimeiweka bariti kwenye orodha zao za madini nyeti, kwa sababu kuikosa kunaweza kusimamisha uchorongaji mzima.

Nigeria ina somo la kutufundisha. Bariti ipo Azara, jimbo la Nasarawa, na hata Benue na Cross River, lakini kwa miaka mingi kampuni za mafuta za nchi hiyo zimeendelea kuagiza kutoka nje. Jiwe lipo, kinachosumbua ni ubora usiotabirika. Kiwango cha sekta ya mafuta kinataka uzito wa mara 4.2 wa maji, au 4.1 kwa daraja la pili lililokubaliwa baadaye, na unga laini ambao karibu wote unapita kwenye chekeche la mikroni 75. Mchimbaji mdogo mwenye sururu hawezi kuthibitisha hayo kwa macho. Bila kinu na maabara, anauza mawe kwa bei ya mawe.

Bariamu yenyewe, metali iliyopatikana mara ya kwanza na Humphry Davy mwaka 1808, hatuioni mitaani, kwa kuwa huungana upesi na hewa na maji. Michanganyiko yake ndiyo tunayoishi nayo. Naitreti ya bariamu hutoa rangi ya kijani kwenye fataki. Kaboneti huzuia ukoga mweupe wa chumvi kwenye matofali ya kuchoma. Titaneti ya bariamu imo ndani ya vihifadhi umeme vidogo mno vilivyojaa kwenye kila simu janja. Hospitalini mgonjwa hunywa uji mweupe wa salfeti ya bariamu ili umio na tumbo vionekane kwenye eksirei. Salfeti haiyeyuki, kwa hiyo hupita mwilini bila madhara. Kaboneti ni sumu, maana asidi ya tumbo huiyeyusha. Mwaka 2003 nchini Brazil wagonjwa walikufa kwa sababu dawa hiyo ya eksirei ilikuwa imechanganyika na kaboneti. Anayeuza bidhaa za bariamu bila kuzipima anacheza na uhai wa watu.

Kwetu Kenya, bariti inajulikana Vitengeni, kaunti ya Kilifi, pamoja na madini ya risasi. Wakati huohuo Uganda imepanga visima vya mafuta zaidi ya 400 karibu na Ziwa Albert, vya kulisha bomba la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani, Tanga. Ni rahisi kuona soko hapo, lakini hesabu ifanywe kwa makini. Kisima chenye shinikizo dogo hutumia bariti kidogo, na safari kutoka pwani hadi ziwani inazidi kilomita elfu moja. Mwekezaji wa Kilifi aanze kwa kupeleka sampuli maabara, apime uzito na chumvi zinazoyeyuka, kisha aulize bei ya kusafirisha tani moja hadi kwa mteja kabla ya kuagiza kinu.