WARAKA NI NUSU YA KUONANA
Tumkumbuke Shaaban Robert, baba wa nyumba na ndugu mwaminifu

Wazee wetu wa pwani walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Kila karani aliyepata kuhamishwa mbali na kwao ajua maana ya maneno hayo, na kila mkulima ambaye mwanawe amekwenda mjini kutafuta kazi aijua vile vile. Mwezi wa kwanza habari huja mara mbili. Mwezi wa pili huja mara moja. Kisha huja salamu tu kwa kinywa cha msafiri, na mwisho hata salamu hazifiki. Si kwamba mtu amewachukia jamaa zake, la. Kazi imemzunguka, na nyumbani kumekuwa mbali.

Basi leo tumkumbuke mtu mmoja ambaye kazi ya ukarani ilimpeleka huku na huku, lakini hakukubali nyumbani kuwe mbali. Mtu huyo ni marehemu Shaaban Robert. Wasomaji wengi wamjua kwa mashairi na hadithi zake, kwa maana hapa Kenya, kama kwao Tanganyika, vitabu vyake vilisomwa shuleni na watoto wengi. Ni wachache wamfikirio kama mume, baba na ndugu. Nasi twaona kwamba ubaba huo na udugu huo ndivyo vilivyozaa sehemu njema ya maandishi yake.

Karani wa Forodha

Alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, na mwaka ule ule wa kumaliza masomo akaingia kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha. Alidumu humo miaka 18. Mwaka 1944 alihamia idara ya wanyama, akaenda kukaa Mpwapwa, bara, mbali na bahari aliyoizoea tangu utoto. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya Serikali, na tangu 1952 alifanya kazi katika ofisi ya upimaji wa ardhi mpaka alipopumzika.

Ukiitazama orodha hii, ndugu msomaji, huoni cheo kikubwa ndani yake. Ni maisha ambayo makarani wengi wameyaishi: daftari asubuhi, daftari jioni, na mshahara mwisho wa mwezi. Mashairi yake yalipoanza kuonekana katika gazeti la Mambo Leo, aliyeyatunga alikuwa karani kama makarani wengine. Saa alizotungia ni zile ambazo mwenziwe huzitumia kwa kulalamika kwamba amechoka.

Mke wake Amina

Mke wake wa kwanza alikuwa Amina. Mauti yalimchukua angali kijana, akamwacha mumewe na watoto wadogo. Wanaume wengi wapatwapo na msiba wa namna hii hunyamaza, maana desturi yatuambia kwamba mwanamume hutia moyo wengine wala haonyeshi machozi yake. Shaaban Robert hakunyamaza. Alimtungia mkewe shairi la maombolezo, akalipa jina la Amina, akaliweka mbele ya watu wote walisome.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Washairi wa Kiswahili walikuwa wamewasifu masultani, mashujaa wa vita na mabibi wazuri. Amina hakuwa lolote katika hayo. Alikuwa mke wa karani, na jina lake lingalisahauliwa na wote isipokuwa jamaa zake. Lakini kwa kuwa mumewe alimpenda, na kwa kuwa hakuona haya kusema hivyo, watoto wa shule wamelisoma jina lake miaka mingi baada ya wote wawili kufa.

Urithi wa watoto

Baadaye alioa tena, lakini ulezi wa watoto hakumwachia mtu mwingine. Katika kitabu chake cha Maisha Yangu, kilichotolewa mwaka 1949, mna tenzi mbili ambazo mtu hawezi kuzisoma bila kumwona baba ameketi na watoto wake. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Humo awausia kumcha Mungu, kuwaheshimu wazazi, kuwa wasafi wa mwili na wa maneno, na kuipenda kazi. Baadhi ya mausia yale, hasa yahusuyo mke na mume, ni ya zama zake, na msomaji wa leo aweza kubishana nayo. Lakini hawezi kubisha kwamba baba huyu aliketi akafikiri kwa makini juu ya kila mtoto, wa kike na wa kiume, kila mmoja kwa utenzi wake.

Neno hati lenyewe lina mafunzo. Mkulima humwachia mtoto shamba na ng'ombe. Karani amwachie nini? Shaaban Robert aliona kwamba kalamu iliyomlisha yaweza pia kuwarithisha watoto wake.

Barua za miaka ishirini na minane

Sasa tuje kwenye udugu. Alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Shaaban Robert alimwandikia barua tangu mwaka 1931 hata 1958. Hebu hesabu, msomaji: alianza akiwa kijana wa miaka 22, akaendelea mpaka karibu na miaka 50. Katika muda huo alihama, alifiwa, vita kuu ilipita, na jina lake likakua. Lakini barua hazikukoma.

Na udugu mwema huenda pande zote mbili. Ulenge alizitunza barua zile. Hazikufungiwa sukari dukani wala hazikuliwa na mchwa. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya kufa kwa mwandishi, zilichapwa kitabu, na watu wakaweza kumsikia Shaaban Robert akisema na nduguye.

Uaminifu wake haukuishia katika damu. Alikwenda Unguja kuonana na Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri aliyezaliwa katika umaskini huko Fumba na aliyepata kuuza vyungu kabla ya kupata sifa. Siti alifariki mwaka 1950. Kuna watu ambao wangalisema kwamba kwa kuwa mwenye habari amekufa, habari nazo zimekwisha. Shaaban Robert aliziandika, na wasifu wa Siti ukatoka mwaka 1958. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na akulindiaye jina lako baada ya kufa ni rafiki zaidi.

Mwisho wa safari

Katika hadithi yake ya Utubora Mkulima, iliyotolewa mwaka 1968, amemsimulia mtu aliyeacha kazi ya mshahara akarudi shambani apate amani. Yeye mwenyewe hakuzidi kuiona amani hiyo ya uzee. Alifariki tarehe 20 Juni, 1962, umri wake miaka 53, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akazikwa Machui, karibu na mahali alipozaliwa.

Siku hizi simu imechukua nafasi ya barua, nasi hatusemi kwamba ni vibaya. Sauti ya mama ni tamu kuisikia. Lakini sauti hupita, na mjukuu hataikuta sandukuni. Kama una mtoto mbali, au ndugu ambaye hujamwuliza hali tangu mavuno yaliyopita, usingoje mpaka upate muda. Karani yule wa Tanga hakuwa na muda mwingi kuliko wetu. Twaa karatasi usiku huu, anza kwa salamu, na maneno mengine yatakuja yenyewe.