Jina ni la Mwanao, Je, Maandishi ni Yake? Jinsi ya Kutambua Ujumbe wa Tapeli

Ujumbe unaoingia kwenye simu ukiwa na jina na picha ya mtu unayemjua si lazima uwe umetoka kwake. Matapeli huteka akaunti za WhatsApp, au hufungua akaunti mpya kwa picha ya mtu mwingine, kisha huwaomba pesa jamaa na marafiki zake. Kwa familia za Bangale zilizo na watoto shuleni na jamaa kazini Garissa, Hola, Mombasa au Nairobi, ujumbe mmoja wa aina hiyo unaweza kumaliza karo ya muhula mzima au pesa za mbuzi waliouzwa sokoni.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho tapeli hakipati kwa urahisi, nacho ni mazoea ya mwenye simu ya kuandika. Kila mtu ana namna yake ya kusalimia, kufupisha maneno na kumaliza ujumbe. Aliyezoea kusoma ujumbe wa mtu kwa miaka huijua namna hiyo, hata kama hajawahi kuifikiria.

Mambo ya kuangalia

Salamu na jina la kukuita. Mtoto aliyezoea kuandika "Hooyo, asc" hageuki siku moja akaandika "Hujambo mama mpendwa". Wapo wanaoandika salamu ya Kiislamu kwa ukamilifu na wapo wanaoifupisha kwa herufi tatu. Mwingine huandika "inshallah" kwa neno moja, mwingine hulitenga kuwa matatu.

Tahajia. Neno "nimeshafika" huandikwa "nshafika" na mtu wa Pwani, "nmefka" na mwenye haraka, na kwa ukamilifu na mwalimu. Vijana wengi huweka herufi x mahali pa s, wakaandika "xaxa" badala ya "sasa". Mtu hurudia tahajia yake bila kufikiri, ndiyo maana inapobadilika ghafla inafaa kuangaliwa.

Mchanganyiko wa lugha. Katika eneo hili mtu mmoja anaweza kuchanganya Kiswahili na Kisomali, Kiorma, Kipokomo au Kiingereza katika ujumbe mmoja. Ikiwa ndugu yako huchanganya kila siku, Kiswahili kitupu kama cha tangazo la redio ni jambo la kushangaza.

Majina ya mahali. Anayeishi hapa husema Mororo au Kona Punda anapoeleza mahali barabara ilipokatika. Mgeni ataandika tu "karibu na Garissa".

Desturi ya kutuma. Mzee ambaye siku zote hutuma sauti, kisha ghafla anaandika aya ndefu saa nane usiku akitaka pesa "haraka sana", apigiwe simu kabla ya kujibiwa.

Kesi zilizofika mahakamani

Njia hii hutumiwa pia na wachunguzi. Mwaka 2005 msichana wa miaka 19 alitoweka mjini Richmond, kaskazini mwa Uingereza. Baada ya kutoweka, ujumbe uliendelea kutoka kwenye simu yake ukionyesha kwamba yu hai. Mtaalamu wa lugha, Malcolm Coulthard, aliulinganisha na ule wa zamani. Msichana huyo alizoea kuandika "myself", lakini ujumbe wa baadaye ulisema "meself". Alipotumia tarakimu 2 mahali pa neno "to", aliibandika kwenye neno linalofuata, ilhali ujumbe wa baadaye uliacha nafasi. Uandishi huo ulikaribiana na wa mwanamume aliyeshukiwa. Mwaka 2008, kwa maelezo hayo pamoja na ushahidi mwingine, mwanamume huyo alipatikana na hatia ya mauaji.

Nchini Marekani, mtu asiyejulikana alituma na kutega mabomu kuanzia mwaka 1978, akaua watu 3 na kujeruhi 23. Mwaka 1995 gazeti la The Washington Post lilichapisha andiko lake refu. Ndugu yake, David Kaczynski, pamoja na mkewe, walitambua mawazo na misemo ya Ted Kaczynski. Hata hivyo, polisi hawakumhukumu kwa misemo. Ulinganisho wa maandishi ulisaidia kupata kibali cha kupekua kibanda chake Montana mnamo Aprili 1996, na humo wakakuta vifaa vya kutengenezea mabomu.

Dalili si ushahidi

Katika kesi zote mbili, maandishi yalizua shaka na ushahidi mwingine ukaithibitisha. Mkazi anapaswa kufuata mpangilio huohuo, kwa sababu maandishi yanaweza kupotosha. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa, na mjukuu humwandikia nyanya yake. Simu zenyewe hurekebisha maneno. Mtu mgonjwa au mwenye msiba haandiki kama kawaida. Tapeli akipata ujumbe wako wa zamani anaweza kuiga uandishi wako, na siku hizi programu za kompyuta huiga maandishi na hata sauti.

Tahadhari hii ina uzito zaidi pale ujumbe wa uchochezi unaposambaa bila jina la mwandishi, na watu wakaanza kusema, "Huyu ni fulani, ndivyo anavyoandika." Zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta kati ya Agosti 2012 na Januari 2013. Katika kaunti yenye kumbukumbu hiyo, kumtaja mtu au jamii kwa dhana ya tahajia kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko ujumbe wenyewe. Shaka hiyo ipelekwe kwa chifu au polisi, isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua za kuchukua

1. Usitume pesa wala kujibu kwa haraka. Piga simu kwa nambari ya zamani unayoijua na usikie mtu mwenyewe. Asipopatikana, tafuta mtu aliye karibu naye.

2. Uliza jambo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua, na ambalo halijawahi kuandikwa kwenye simu.

3. Unapotuma pesa kwa M-Pesa, soma jina la mpokeaji. Likiwa geni, sitisha.

4. Usimpe mtu yeyote nambari ya tarakimu sita inayotumwa na WhatsApp. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya programu hiyo.

5. Hifadhi ujumbe na upige picha ya skrini. Ukifuta, umefuta ushahidi.

6. Ikiwa akaunti yako ndiyo iliyotekwa, wajulishe jamaa mara moja kwa kuwapigia simu.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaadhibu anayetumia kwa ulaghai nywila au kitambulisho cha kielektroniki cha mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Wateja wa Safaricom wanaweza kusambaza ujumbe wa utapeli kwa nambari 333. Uhalifu unaweza kuripotiwa kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, bila malipo kupitia 0800 722 203, au katika kituo cha polisi kilicho karibu. Wakazi wanaosoma ujumbe wasaidie wazee wasiosoma, wakianza na swali moja: je, huyu huandika hivi siku zote?