Unga wa Mtungi wa Kuzimia Moto: Usikimbilie Jiki



Juzi usiku dada mmoja anayefanya kazi za ndani huku Al-Sulay, Riyadh, alinipigia simu akikohoa. Mafuta ya sambusa yalishika moto, kijana wa nyumba ile akachukua mtungi mwekundu akapuliza. Moto ukazimika, alhamdulillahi, lakini unga ukajaa jikoni, kwenye sahani, mpaka kwenye majlis. Mama mwenye nyumba akataka pasafishwe upesi. Dada yetu akafanya kama tulivyozoea wengi: ndoo ya maji ya moto, Clorox (jiki yetu ya kule nyumbani), akaanza kudeki. Dakika chache tu, macho yanawaka na kifua kimebana.

Nilimwambia atoke nje kwanza, maelezo baadaye.

Sababu ni hii. Mitungi mingi ya majumbani, ile yenye herufi ABC, ina unga wa monoamoniamu fosfeti, yaani chumvi yenye amonia ndani yake. Ikikutana na jiki hutoka gesi ya kloramini, nayo huunguza macho, koo na mapafu. Kwa hiyo jiki isiguse unga huo hata kidogo. Na usije ukaongeza siki au dawa ya choo kwenye ndoo hiyo hiyo yenye jiki, maana hapo itatoka klorini.

Unga peke yake si sumu kali. Huwasha macho, pua na ngozi, na huleta kikohozi. Ila mwenye pumu, mjamzito na watoto wadogo wakae mbali mpaka kazi iishe.

Sasa jinsi ya kusafisha. Hakikisha moto umezimika kabisa na gesi imefungwa. Zima kiyoyozi, kwani kitavuta unga na kuusambaza vyumba vyote, halafu fungua madirisha hata kama nje ni joto la Riyadh mnalolijua. Vaa barakoa, glavu, miwani kama ipo, na nguo za mikono mirefu. Usimwage maji mwanzoni! Unga ukilowa unakuwa uji unaoganda. Zoa ukiwa mkavu, polepole, kwa ufagio laini na kizoleo, utie kwenye mfuko na kuufunga. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi naiogopa, kwa sababu unga ni mwembamba sana, hupita kwenye chujio na kurudi hewani. Baada ya hapo futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Pasipotoka, weka soda ya kupikia kidogo kwenye maji. Usiiache kazi hii mpaka kesho kutwa, unga huu ukipata unyevu unakula chuma. Vifaa vya umeme vichomolewe na visiwashwe mpaka visafishwe.

Chakula kilichokuwa wazi kitupwe, hata kama ni sufuria nzima ya kabsa. Chupa za mtoto na vyombo vyote vioshwe kwa sabuni.

Unga ukiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, ukitoa lenzi kama unavaa. Ukivuta hewa mbaya ya jiki, toka nje. Kubanwa kifua, kuhema kwa shida au kukohoa kusikokoma ni safari ya hospitali, na msidharau kwa kuwa umepata nafuu, mapafu huweza kuchafuka saa kadhaa baadaye. Riyadh na Jeddah piga 911. Gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu ni 997, na ushauri wa Wizara ya Afya ni 937.

Dada zangu, najua si rahisi kumkatalia mwenye nyumba. Onyesha mtungi na chupa ya Clorox, sema “khatar”. Neno letu “hatari” limetoka huko huko, ataelewa.

Yule dada alipata nafuu baada ya kukaa uani, lakini nilimsihi aende kupimwa, na alipelekwa usiku ule ule. Mtungi nao umerudishwa ukutani kana kwamba umejaa. Mtungi wa unga ukishabonyezwa hata mara moja upelekwe kujazwa, kwani unga hubaki kwenye vali na mgandamizo huvuja wote taratibu.